Kukhu Alivyokula Matanga Yake

Kukhu aliteleza kwenye bafu la ploti kule Makongeni akiwa na beseni la nguo za kanisani, na nilipofika, jambo la kwanza aliloniuliza ni kama kitambaa chake cheupe kimeokotwa. Majirani walikuwa wamemwegemeza ukutani. Mguu mmoja ulikuwa umegeukia nje, kama si wake. Nikamwambia, "Achana na kitambaa, kukhu!" Akanikemea nisipige kelele mbele za watu. Ndivyo alivyokuwa: nyonga imevunjika na bado ana nguvu za kunifunza adabu.

Kukhu ni nyanya. Watu wa kwetu husema hivyo upande huu wa mpaka na upande wa pili, maana lugha ni moja na mpaka ulipitishwa katikati yetu bila mtu kuulizwa. Yeye alizaliwa upande wa pili, Uganda. Alikuja Nairobi akiwa bi harusi, kumfuata babu aliyekuwa fundi wa mabehewa, enzi reli ilikuwa moja kutoka pwani hadi kwao na hakuna aliyekuwa akidaiwa karatasi njiani. Reli ilipogawanywa, wenzao wengi walifunga virago. Babu akabaki, kazi ilikuwa nzuri. Alipokufa alirudishwa kwao, akazikwa nyuma ya nyumba ya baba yake, na kukhu akaendelea kukaa Makongeni akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, mlangoni. Mama yangu, aliyekuwa binti yake, alifariki nikiwa darasa la pili, na kukhu akanichukua. Chumba kimoja, kitanda kimoja, yeye upande wa mlango, mimi ukutani. Sina mama mwingine ninayemkumbuka vizuri.

Kitambulisho cha Kenya hakuwahi kupata. Babu alisema atampeleka, akawa mtu wa kusema tu. Alipojipeleka mwenyewe kwa chifu, aliulizwa amezaliwa wapi, naye kwa vile uongo ulikuwa unamkwama kooni, akasema ukweli. Kwisha maneno. Na huko kwao, wakati wenzake wanaandikishwa, yeye alikuwa Makongeni anapima omena kwa kopo. Kwa hiyo hakuna serikali iliyokuwa na habari zake. Haikumsumbua, wala sisi haikutusumbua. Akiumwa kichwa alinunua vidonge kwa duka la dawa, akavimeza na chai ya tangawizi, akarudi kazini. Nani anafikiria bima wakati mtu wake anajibebea mtungi wa maji mwenyewe?

Sasa akawa amelala wodi ya mifupa, katika hospitali kubwa ya umma, mguu umefungwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, mpole, macho yamechoka. Akanivuta kando akaniambia, "Mama yenu bado ana nguvu. Tukimwekea chuma upesi, atatembea. Akikaa hapa akilala hivi, mgongo utatoka vidonda na mapafu yatajaa, na hapo sitakudanganya." Nikamuuliza chuma kinawekwa lini. Akasema kwa mwenye bima, atapangwa wiki hii hii. Asiye na bima hununua chuma kwanza, alipe na ya chumba cha upasuaji, ndipo apangwe. Nikashukuru, nikashuka ngazi nikikimbia kwenda kwenye dirisha la bima.

Hilo dirisha! Kijana aliyekaa ndani alikuwa na adabu, sitamsingizia. Alitaka nambari ya kitambulisho. Nikasema mgonjwa hana, alizaliwa nje. "Basi ni mgeni, lete pasipoti tumwandikishe kama mgeni." Hana pasipoti. "Basi kadi ya wageni." Nikamuuliza hiyo kadi inapatikanaje. Akasema mtu huenda na pasipoti. Nikamwangalia, naye akaniangalia. Nikamwambia, "Ndugu yangu, huyu mama amekaa Nairobi kabla wewe hujazaliwa, kabla hata hili jengo halijapakwa rangi!" Akasema, "Naelewa, mama, lakini kompyuta haina mahali pa kuandika hivyo." Watu nyuma yangu wakaanza kuguna, nikaondoka kwenye foleni.

Mimi ni karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni, Industrial Area, na kazini tuna bima yetu. Nikaenda kwa afisa wa wafanyakazi nikiwa na matumaini, mjinga mimi. Akanifungulia mkataba kwenye meza: mfanyakazi, mwenzi wake, watoto. Nikamwambia mtoto ni mimi, aliyenilea ni huyu, sasa amekuwa mtoto wangu. Akacheka kidogo, akidhani natania. Ebo! Nikamtafuta na wakala wa bima za kununua mwenyewe, yule anayekuja kiwandani siku za mshahara amevaa tai. Akaniuliza mgonjwa ana umri gani. Nilipomwambia, akafunga mkoba wake polepole, akaniambia watu wa umri huo hawaandikishwi upya popote. Tena mfupa ulikuwa umeshavunjika. "Dada, huwezi kukatia bima gari lililokwisha pinduka," akasema. Alikuwa anasema kweli, na ningeweza kumtupia kiatu.

Zikabaki mbinu za kwetu. Nikafungua kundi la simu, nikaingiza jamaa wote, wa Komarock ninakoishi, wa Makongeni, wa kijijini, na hata wale wanaojifanya wameenda Ulaya kumbe wako Dubai. Haki ya Mungu, sijawahi kuona mikono mingi ya maombi kama ile. "Mungu ni mwaminifu." "Tuko pamoja katika sala." "Get well soon kukhu." Pesa zilidondoka kidogo kidogo, na zilizoingia zililambwa zote na gharama za kitanda na dawa ya maumivu. Kila nilipoenda wodini nilimkuta amedidimia zaidi kwenye godoro. Mgongo ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Kifua nacho kilianza kukoroma akivuta pumzi, na mimi nilikuwa nasikiliza hicho kifua kuliko nilivyosikiliza maneno yake.

Ni yeye aliyelitaja. Nilikuwa nampaka mafuta mgongoni, akasema uso ukiwa ukutani, kama mtu anayeulizia bei ya sukari, "Na ile pesa yangu ya kunirudisha?"

Lazima nieleze hiyo pesa. Watu wa kwetu waishio Eastlands wana chama cha mazishi. Kimekuwepo tangu babu zetu wa reli. Unatoa kila mwezi, na siku ukifa chama kinabeba kila kitu: jeneza, karatasi za kuvusha maiti mpakani, gari, basi la waombolezaji, ng'ombe wa kula watu. Hutasumbua mtu. Mwanachama wa chama hafi na kutupwa kwenye makaburi ya jiji kulala na watu asiowajua, na hilo kwetu ni jambo kubwa kuliko mnavyofikiri. Kukhu alikuwa mwanachama tangu akiwa msichana mwenye nywele nyeusi. Alikosa unga nyumbani lakini mchango haukukosa. Tena ndiye aliyekuwa mpishi wa matanga yao yote, mtu wa kukoroga sufuria kubwa ya ugali akiwa amejifunga leso kiunoni. Amewazika wangapi? Mwenyewe hakujua. Alichokuwa akingojea ni zamu yake, apelekwe akalale kando ya babu.

Nikamwambia, "Kukhu, pesa ile ni ya kufa."

"Na hii ni nini?" akasema, akionyesha ile kamba ya mguu.

Nikamuuliza kama anajua anachosema. Akikubali pesa itumike kwa mguu, ya kumrudisha kwao haitakuwepo tena. Akasema anajua, lakini babu amelala huko miaka yote hii na haendi popote, na yeye amechoka kufanyia haja kwenye sahani ya chuma watu wakimwona. Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata mama alipokufa alilia amejifungia. Nikamwambia basi, nitawaendea.

Chama hukutana Jumapili baada ya ibada, katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti ni mzee aliyestaafu kwenye ofisi za halmashauri, mtu wa koti hata kukiwa na joto. Nilisimama nikasema yote. Kisha mwenyekiti akasema kwa upole kwamba wanamwonea mama huruma, ila pesa ya chama hutoka mtu akishatutoka. Mzee mwingine akadakia kwamba kumfungulia mtu sanduku la mazishi angali anapumua ni kumwita mauti, na mauti yakiitwa hayachagui, yatapita nyumba kwa nyumba. Watu wakaitikia, "Kweli, kweli."

Hapo ndipo nilipovunja adabu yote aliyonifunza kukhu. Nikawaambia, "Basi ngojeni afe muimbe vizuri! Si ndiyo kazi mnayoijua? Mkodi basi, mle ng'ombe, mseme alikuwa mama wa watu, na mguu wa huyo mama wa watu ulikuwa unahitaji chuma tu!" Mama mmoja akaniambia niketi. Sikuketi. Nikawauliza nani humu ndani hajawahi kula ugali wa mkono wake, ainue mkono nimwone. Hakuna aliyeinua.

Yule mama aliyeniambia niketi ndiye mweka hazina, mjane, rafiki wa kukhu wa miaka mingi. Alikuwa akifuta macho. Akasema, "Kama ni lazima itoke, itoke kama inavyotoka." Sikumwelewa mara moja. Wazee wakaanza kunong'onezana kwa lugha ya kwetu, na mwisho mwenyekiti akanifafanulia. Pesa ya mazishi haitoki bila matanga. Hilo halijawahi kuvunjwa. Lakini kama mwenyewe mama atakubali kwa kinywa chake, chama kitakuja kumfanyia matanga yake hapo alipo, pesa zitoke kwa haki, na mauti hayatakuwa na sababu ya kuzurura nyumbani kwa watu. Nikajiambia moyoni, huu ni wazimu wa wazee. Ila wazimu wenye chuma ndani yake ningeuchukua kwa mikono miwili. Nikasema tumekubali.

Wakaja saa ya kuona wagonjwa. Wanawake walikuwa wamevaa zile leso za chama za bluu wanazovaa kwa misiba peke yake, na wodi nzima ikageuza shingo. Wakakizunguka kitanda. Wakaimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa kumsindikiza mtu, na mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika blanketi mpaka kichwani. Mwenyekiti akavaa miwani, akafungua karatasi, akaanza, "Marehemu mama yetu alizaliwa..."

"Marehemu nani?" Nesi alikuwa ametokea mwisho wa wodi, mikono kiunoni. "Huyu mama nimempa uji sasa hivi! Nyinyi ni watu wa aina gani?"

Kukhu akainua kichwa kwenye mto. "Wacha asome, sista," akamwambia. "Nimeilipia."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika chuma cha kitanda, na wengine wakacheka, hata nesi akageuka akiziba mdomo. Mwenyekiti akasoma mpaka mwisho, na kukhu akamsahihisha mahali pawili, jina la kijiji na idadi ya ndugu zake. Aliposoma kuhusu mama yangu, kukhu alifumba macho. Mweka hazina alikuwa amekuja na udongo kidogo kwenye gazeti. Nesi akakataa katakata usiguse shuka, kwa hiyo akaupitisha tu juu ya miguu, kutoka ule mzima hadi ule uliovunjika, akaufunga tena. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga na bila kugeuka nyuma, kwa maana aliyekufa haagwi. Kukhu alikuwa amenyoosha mkono kumsalimu rafiki yake, na ule mkono ukabaki hewani. Alipourudisha kifuani hakuwa anacheka tena. "Hata mkono hakunipa," akaniambia.

Pesa zilitoka siku iliyofuata, zote, bila kupunguzwa hata kidogo. Siwezi kuwanyima haki yao hapo. Kukhu akawekewa chuma. Yule daktari mdogo alinipigia simu mwenyewe kuniambia imeenda vizuri, nikakaa chini kati ya katoni za sabuni nikalia kama mtoto. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anajikokota na lile fremu la kutembelea, akimtukana mwalimu wa mazoezi kwa lugha ambayo mwalimu hakuijua. Kifua kikasafika. Nikamleta kwangu Komarock, akakataa ngazi, akataka Makongeni kwake. Nikamrudisha. Nilidhani tumeshinda.

Mwanzoni sikuona. Yeye ndiye aliyeona, akanyamaza. Wateja wa omena wa siku zote walianza kununua kwingine. Wanawake wa chama wakikutana naye bombani walizungumza naye, lakini macho yao yalikuwa pembeni, na hakuna aliyekuwa akimwita jina. Ukatokea msiba, mzee mmoja wa chama. Kukhu akaenda na fremu lake, akajifunga leso, akashika mwiko kama kawaida. Mweka hazina akamtoa ule mwiko mkononi taratibu. "Pumzika, mama." Akapewa kiti mbali, karibu na magari. Jirani aliniambia kwamba ugali aliokuwa ameshaanza kuukoroga ulimwagwa, ukapikwa mwingine.

Nilienda kwa mwenyekiti nikiwa nimewaka moto. Nilimkuta akimwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba. Nikamwambia kukhu anataka kuanza kutoa mchango upya, hata ikiwa ni kidogo, hata ikiwa atapata robo ya yale wanayopata wengine. Alikuwa ameshajaribu mwenyewe na mchango umerudishwa mlangoni. Mzee akaweka mkebe chini. "Mwanangu, hatuna ubaya naye. Lakini tulimzika. Wewe ulikuwepo. Nitamwandikaje tena mtu niliyemzika?" Nikamuuliza kama anasikia anachosema. Akasema anasikia, na kwamba usiku halali vizuri kwa ajili hiyo, lakini akimrudisha mmoja, chama kizima kitavunjika kwa hofu. Nilitaka kumtukana. Akaokota mkebe wake akaendelea kumwagilia, nikaenda zangu. Vyama vingine nilivyojaribu vilikataa mapema: umri, halafu kitambulisho.

Kukhu hakulalamika. Jambo moja tu lilianza kumtafuna, na alilirudia kila nilipompelekea maziwa nikitoka kazini. "Nikifia hapa mtaniweka wapi?" Nilimjibu hatakufa leo wala kesho, aache maneno ya wazimu. Nikirudi na maziwa mengine, anauliza tena. Sote wawili tulijua jibu. Gari la kuvusha maiti hadi kwao, na karatasi za mpakani za mtu asiye na karatasi yoyote, hizo ni kazi za chama. Mimi na mshahara wangu wa stoo tungefika naye makaburi ya jiji tu.

Ijumaa moja nikakuta kufuli mlangoni. Jirani akaniambia, "Kukhu wako? Amesindikizwa na mzigo wake hadi kwa basi, asubuhi. Hakukwambia?" Niliketi kwenye kizingiti chake nikapiga simu mpaka chaji ikaisha. Kesho yake ndiyo iliingia. "Nimefika," akasema, na nyuma yake kuku walikuwa wanapiga kelele. Alikuwa amelala kwenye basi mpaka mpakani, na pale akapita na wanawake wanaobeba mayai, wale ambao askari hawana habari nao. Nani atamsimamisha bibi mwenye fremu? Nilimfokea. Nilimwambia ametutia aibu, kwamba kule hana mtu, dawa zake za presha alizoandikiwa wodini nitazipelekaje. Aliniacha nimalize. Kisha akasema mtoto wa shemeji yake amempa jiko lake la nje alale, na kwamba babu yuko hapo hapo, ameota nyasi nyingi, atamlimia. "Ninatembea vizuri," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu hospitalini alisikika mchangamfu, na hilo liliniuma zaidi.

Alikaa huko msimu mzima wa mahindi. Halafu mvua zikaja, na mtoto wa shemeji akapiga simu kwamba kifua kimemshika mama, haongei vizuri. Niliomba ruhusa kazini, nikapewa kwa shida, nikaenda.

Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba, jiko limefukizwa moshi, midomo imekuwa ya kijivu. Aliponitambua akajaribu kunikemea kwa nini nimekuja na viatu vya kazini kwenye matope. Zahanati ya pale ilikuwa imempa vidonge na kusema anahitaji oksijeni. Hospitali ya karibu yenye oksijeni ilikuwa upande wetu, Kenya, ng'ambo ya mpaka, si mbali hata kidogo. Nilikuwa nimeshaongea na mwenye gari njiani. Pesa ya kulazwa siku chache ningeipata, ningeuza friji. Nikamwambia, "Inuka kukhu, twende, dripu na hewa tu, utapona, nakuapia."

Akatikisa kichwa.

"Kukhu, tafadhali."

Ilimchukua muda kukusanya pumzi. "Nikiwa hai nilipita na wa mayai," akasema. "Nikifia upande ule, nani atanivusha?"

Nilifungua kinywa nimwambie ni mimi. Nitakuvusha mimi, kukhu, hata kwa kuuza nyumba. Lakini sina nyumba, ya Komarock ni ya kupanga, na maiti haipiti na wanawake wa mayai, maiti inaulizwa ni ya nani, ni ya nchi gani. Yeye ndiye aliyenifunza kutosema uongo, na alikuwa ananitazama usoni. Nikabaki nimepiga magoti kwenye vumbi la jiko, mwenye gari akipiga honi barabarani, nikimchukia kila mtu, wa dirishani, wa chamani, babu aliyekuwa mtu wa kusema tu, na mimi mwenyewe. Kukhu akanipapasa kichwani. "Mwambie huyo aende," akasema, "anamaliza mafuta."

Nikatoka nikamwambia aende.

Alikufa wakati wa chai ya asubuhi, nimemshika. Mtoto wa shemeji na majirani walichimba kando ya babu, mahali alipokuwa amelima mwenyewe. Sikumpigia mwenyekiti simu. Kutoka mlango wa jiko hadi kaburini ni karibu kiasi kwamba wanaume walimbeba mikononi, nami nikashika upande wa miguu. Hatukukodi gari.